Askofu Payne: Mwalimu Aliyefungiwa Shule, Akanunua Chuo

Mwezi wa Desemba 1834, katika jimbo la South Carolina huko Marekani, wenye kutunga sheria walikaa barazani wakapitisha sheria ya kuiharamisha elimu. Mtumwa asifundishwe kusoma wala kuandika. Na mtu mweusi, awe mtumwa au awe muungwana aliyezaliwa huru na wazazi walio huru, asiweke shule ya kuwasomesha watu wa rangi yake. Mzungu atakayeasi amri hiyo angetozwa faini isiyozidi dola 100 na kutiwa kifungoni kwa muda usiozidi miezi sita, ilhali mweusi aliye huru, kwa kosa lile lile la kumsomesha mtumwa, angetozwa dola zisizozidi 50 na juu ya faini angechapwa mijeledi isiyozidi 50, kana kwamba hata kosa nalo lina rangi. Sheria ilipangiwa kuanza kazi tarehe 1 Aprili 1835. Na siku iliyotangulia tarehe hiyo, katika mji wa Charleston, kijana mmoja wa miaka 24, mwembamba wa kiwiliwili na mwenye macho mabovu, aliwaaga wanafunzi wake wapatao 60, akaifunga shule.

Jina lake lilikuwa Daniel Alexander Payne. Ilipotimia miaka 28 tangu kufungiwa shule ile, akiwa sasa ni askofu wa Wamethodisti weusi, alinunua chuo kizima kwa dola 10,000 ambazo hakuwa nazo, akawa mtu mweusi wa kwanza kukiongoza chuo cha elimu ya juu katika Marekani yote. Baina ya kufunga na kununua ndipo ulipo mkasa wenyewe, na mkasa huo hauna sifa tupu.

Payne alizaliwa Charleston tarehe 24 Februari 1811. Baba yake, London Payne, na mama yake, Martha, walikuwa waungwana weusi, yaani hawakuwa mali ya mtu, na wote wawili walikuwa Wamethodisti washika dini. Baba alifariki mtoto akiwa na miaka minne na nusu, na mama naye akafariki mtoto hajatimiza miaka kumi. Malezi yakawa juu ya bibi mmoja wa ukoo wake, Sarah Bordeaux. Waungwana weusi wa mji ule walikuwa wameanzisha chama cha hisani tangu mwaka 1803 kwa ajili ya kuwasomesha mayatima, na kwa fadhila ya chama hicho Daniel alipata miaka miwili ya shule, kisha akafundishwa na mwalimu maarufu wa weusi wa Charleston, Thomas Bonneau. Shule yake ya utotoni iliishia hapo. Baada yake ilikuja kazi ya mikono: akatiwa kwa fundi seremala, akajifunza randa na msumeno kwa zaidi ya miaka minne, akajifunza na ushoni.

Lakini usiku ulikuwa wake. Kando ya kitanda aliweka jiwe la kupigia moto, chuma na mshumaa. Akisoma mpaka saa sita ya usiku, akilala, na ilipofika saa kumi ya alfajiri akiamka, akiwasha mshumaa na kusoma tena mpaka saa kumi na mbili, ndipo aende karakanani. Vitabu vya sarufi alivihifadhi kwa moyo kama mwanachuoni ahifadhivyo msahafu. Kiyunani, Kilatini na Kifaransa alivitafuta mwenyewe kitabuni, pasina mwalimu wa kumsahihisha matamshi.

Dini yake nayo haikutenganika na kusoma kwake. Wamethodisti ni wafuasi wa mafundisho ya John Wesley, mhubiri wa Kiingereza wa karne ya 18 aliyekaza sana nidhamu ya nafsi, mikutano midogo ya kuungamana, na kuhubiri nje ya kuta za kanisa. Ni madhehebu ambayo tawi lake mojawapo lilikuja kujenga kituo cha Ribe, bara ya Mombasa, mwaka 1862. Payne alijiunga nayo akiwa kijana wa miaka 15. Alipofikia miaka 18, akiwa katika dua faraghani, alihisi, kwa ushahidi wake mwenyewe, kama mikono inamkamata mabega na sauti inamwambia ya kuwa ametengwa ili ajielimishe nafsi yake, na akiisha kujielimisha awe mwalimu wa watu wake. Msomaji ana hiari ya kuisadiki sauti hiyo au kutoisadiki. Yeye aliisadiki, na hakuna tendo lake la baadaye lisilorudi hapo.

Mwaka 1829 akafungua shule katika nyumba ya mtu aitwaye Caesar Wright, mtaa wa Tradd. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa sita: watoto watatu wa kiungwana waliosoma mchana, na watumwa watatu, watu wazima, waliokuja usiku baada ya kazi ya mabwana zao. Ada ilikuwa senti 50 kwa mwezi kwa kila mmoja, kwa hiyo pato la mwalimu lilikuwa dola tatu, nazo hazikutosha chakula. Mwaka ulipokwisha alivunjika moyo akaifunga. Kwa wakati huo akapita mjini tajiri mmoja mwenye watumwa, aliyekuwa akitafuta mweusi huru wa kufuatana naye kama mtumishi katika safari ya visiwa vya Karibi. Naye katika kumshawishi kijana alimweleza manufaa ya kusafiri na kuona dunia, akamwambia kwamba kinachomfarikisha bwana na mtumwa si kitu kingine ila ni bwana kumzidi mtumwa kwa maarifa. Ikiwa tajiri yule alikuwa na akili ya kupima maneno yake, basi siku hiyo aliisahau nyumbani. Payne alimsikiliza, akaagana naye kwa adabu, akarudi kufungua shule yake upya mwaka 1830, kwa hoja nyepesi isiyojibika: kama tofauti ni maarifa tu, basi maarifa na yatafutwe.

Safari hii shule ilishamiri. Nyumba ikawa ndogo, na mtu mwema mmoja, Robert Howard, akajenga jengo la shule uani kwake, mtaa wa Anson, wanafunzi wakafikia 60. Mwalimu alifundisha hesabu, jiografia na ramani, na alipoanza kuvutwa na elimu ya mimea na wanyama hakuridhika na michoro ya vitabuni. Alinunua mamba akiwa hai. Akamwamuru mwanafunzi mmoja amchokoze, na kila mnyama alipopanua kinywa mwalimu alimfyatulia bastola kooni. Alipolegea akampindua chali, akamkata koromeo, akampasua kifua, akautazama moyo na matumbo mpaka vilipoacha kucheza. Kila mnyama aliyemchinja kwa ajili ya kusoma alimpika pia akamwonja nyama yake, isipokuwa chura na nyoka. Siku ya kupatwa kwa jua alilitazama jua kwa macho matupu, kwa uchu wa kutopitwa na ajabu hiyo, na macho yake hayakupona tena sawasawa maisha yake yote.

Kati ya Wazungu wa Charleston alikuwamo mmoja aliyemthamini: Mchungaji John Bachman wa Kanisa la Kilutheri, mwanachuoni wa viumbe aliyeshirikiana na mchoraji wa ndege John James Audubon. Alimkaribisha Payne nyumbani kwake, akamwonyesha bustani na mkusanyo wake wa wadudu, akakaa naye sebuleni pamoja na jamaa zake. Jambo ambalo katika mji ule halikuwa dogo.

Nyoka ndiye aliyeleta balaa. Siku moja Payne aliwatuma wanafunzi wake wakanunue nyoka wa sumu kwa mtumwa mmoja katika shamba la Lionel Kennedy. Bwana huyo hakuwa mtu wa kupuuzwa, kwani mwaka 1822 alikuwa miongoni mwa mahakimu waliomhukumu Denmark Vesey, mweusi huru aliyeshitakiwa kwa kupanga maasi ya watumwa, akanyongwa yeye na wenziwe 34, na kanisa la Kiafrika alilokuwa mshirika wake likabomolewa. Kennedy na mwanawe waliwauliza wale vijana nani kawatuma, wanasoma nini, shule iko wapi. Na kadiri vijana walivyojibu kwa ufasaha ndivyo hofu ilivyowaingia waulizaji. Mpaka uzeeni Payne aliamini kwamba mahojiano hayo ndiyo yaliyoichochea ile sheria ya Desemba. Mimi nadhani sheria ile ilikuwa na baba wengi, kwa kuwa tangu maasi ya Nat Turner katika jimbo la Virginia mwaka 1831 mabwana wa kusini wote walikuwa wakilala jicho moja wazi. Lakini mwalimu hakosi haki ya kuamini kwamba wanafunzi wake walitisha.

Shule ilipofungwa, imani yake yenyewe ilitikisika. Alijiuliza kama kweli yuko Mungu, na kama yuko, je, ni mwadilifu. Na ikiwa ni mwadilifu, mbona kaliacha taifa moja lilidhulumu jingine? Hakuona jibu, akaona njia ya kaskazini. Tarehe 9 Mei 1835 aliabiri chombo kwenda New York, mfukoni mna barua za kumtambulisha kwa watu wema.

Barua hizo zilimfikisha Gettysburg, Pennsylvania, katika seminari ya Walutheri iliyoongozwa na Samuel Schmucker, ambako wanafunzi wa Kizungu walikuwa tayari kumchangia mweusi mwenye kipawa. Alisoma huko miaka miwili mpaka macho yalipomshinda. Walutheri wakampa daraja ya uchungaji mwaka 1839 katika jimbo la New York, na katika mkutano wao akatoa hotuba juu ya utumwa ambayo hadi leo inasomwa: kwamba anauchukia si kwa kuwa unamtumikisha mweusi, bali kwa kuwa unamtumikisha binadamu; na kwamba amewaona kwa macho yake watumwa walioikana dini kwa sababu waliisikia ikihubiriwa na mdomo ule ule unaoamrisha mijeledi. Kabla ya hapo, akilitumikia kanisa dogo la East Troy, koo lilimwuma akapotewa na sauti, na kwa takriban mwaka mzima mhubiri huyo alizungumza na watu kwa kuandika juu ya kibao.

Mwanzo wa miaka ya 1840 alihamia katika kanisa ambalo jina lake halitatengana tena na lake: African Methodist Episcopal, au AME, lililoundwa Philadelphia mwaka 1816 na Richard Allen, mtumwa aliyejikomboa, baada ya weusi kuchoka kudharauliwa katika makanisa ya Wamethodisti weupe. Askofu wake kwa wakati huo alikuwa Morris Brown, yule yule aliyekuwa mchungaji wa kanisa la Kiafrika la Charleston kabla halijabomolewa.

Walimpeleka Washington, kwenye Kanisa la Israel. Alipokuta chumba cha chini cha kanisa hakina mahali pa kukalia, hakupeleka ombi kwa mtu; alinunua randa, msumeno, nyundo na rula, akavua koti, waumini wakaleta mbao, na kwa majuma machache mchungaji akawa ametengeneza viti vya kanisa zima la chini. Katika mambo mengine, walakini, hakuwa mtu mwepesi kuvumilika. Wengi wa wahubiri wa kanisa lile walikuwa watu waliotoka utumwani, wenye imani kubwa na herufi chache, na wapo waliojisifu mimbarani kwamba hawakupata kukisugua kichwa kwenye kuta za chuo, na jamaa wakaitikia amina. Payne hakuiweza amina hiyo. Mwaka 1843 alichapisha mfululizo wa nyaraka juu ya kuwaelimisha wahubiri, akitaka kila mchungaji asome sarufi, jiografia, historia na elimu ya dini kabla ya kukabidhiwa roho za watu. Naye akapata jaza ya wenye kuyasema hayo mahali popote, yaani akaitwa adui wa kanisa. Katika mkutano mkuu wa Pittsburgh mwaka 1844 hoja ya kuweka mpango wa masomo kwa wahubiri ilikataliwa kwa kelele. Siku ya pili mzee mmoja akasimama akaitetea kwa maneno ya kuchoma moyo, na wale wale walioikataa wakaikubali.

Si wote waliogeuka. Mwaka 1850 alipoteuliwa kulichunga kanisa la Ebenezer la Baltimore, waumini walimkataa waziwazi, na sababu zao aliziandika mwenyewe bila ya kuona haya: kwamba ana busati zuri mno sakafuni kwake, kwamba ana kiburi, kwamba hali nao wala hanywi nao chai, na kwamba anawakataza kuimba nyimbo zao. Wakati huo alikuwa mjane. Mke wake wa kwanza, Julia Farris, aliyemwoa mwaka 1847, alifariki kabla ndoa haijapita mwaka, na mtoto wao wa kike akamfuata mama yake. Akaoa tena mwaka 1854, kwa Eliza Clark wa Cincinnati. Baina ya misiba na ndoa hiyo ya pili, Mei 1852, kanisa lile lile la AME ambalo waumini wake wa Baltimore walimkataa lilimchagua kuwa askofu, cheo ambacho alikuwa amemwomba Mungu amwepushe nacho. Waliomwona wakati huo walisema hakufikia ratili 100 kwa uzito.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1862, vita baina ya kaskazini na kusini vikiwa katika mwaka wake wa pili, Payne aliingia ikulu ya Washington kumwona Rais Abraham Lincoln. Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha sheria ya kuwaacha huru watumwa wa mji mkuu, wapatao 3,100, na karatasi ilikuwa ikingoja saini. Askofu alimwuliza Rais kama ataisaini. Rais, mbele ya mwanasiasa Carl Schurz na mbunge Elihu Washburne, alimpokea kwa heshima, akazungumza naye kwa muda mrefu, wala hakumpa ahadi. Siku mbili baadaye akaisaini. Fidia katika sheria hiyo walilipwa mabwana kwa kupoteza watumwa, si watumwa kwa kupoteza umri wao, kama ilivyokuja kufanywa na Unguja mwaka 1897.

Sasa tufike kwenye chuo. Karibu na mji wa Xenia, jimbo la Ohio, palikuwa na chemchemi za maji ya madini ziitwazo Tawawa, na juu yake hoteli kubwa ambako matajiri wa kusini walikuja kupunga upepo wakati wa joto, wengi wao wakifuatana na masuria wao, watumwa weusi, jambo lililowakirihi wenyeji. Hoteli haikustawi. Mwaka 1856 Wamethodisti weupe wa Cincinnati waliinunua, wakaifanya chuo cha weusi na kukipa jina la William Wilberforce, Mwingereza aliyepigana katika bunge la London mpaka biashara ya watumwa ikapigwa marufuku mwaka 1807. Payne alikuwa katika baraza la wadhamini tangu mwanzo. Ajabu ya chuo hicho ni kwamba wanafunzi wake wa kwanza, kwa sehemu kubwa, walikuwa watoto wa wale wale masuria: baba zao, mabwana wa mashamba ya pamba, ambao kwao nyumbani sheria iliwakataza kuwasomesha, waliwapeleka kaskazini kwa siri na kuwalipia ada. Vita vilipoanza mwaka 1861 baba hao wakakatika na fedha zao zikakatika, na mwaka 1862 chuo kikafungwa.

Wadhamini waliamua kuuza, na walikuwapo wengine wa kununua. Tarehe 10 Machi 1863 walimwambia Payne kwamba kama kanisa lake linalitaka jengo pamoja na ekari zipatazo 50 za ardhi, bei ni dola 10,000, na jibu litolewe usiku ule ule. Aliomba apewe miezi mitatu awashauri wenziwe, akanyimwa. Hakuwa na kibali cha kanisa wala dola moja ya kutanguliza. Akasimama, akasema kwamba kwa jina la Mungu analinunulia kanisa la AME mali ya Wilberforce, na walimwengu wakadhani askofu ameharibikiwa akili. Kisha akatoka kuomba. Mke wa Mchungaji James Shorter ndiye aliyetoa dola 100 za mwanzo. Shorter mwenyewe na mwalimu John Mitchell wakashika njia pamoja na askofu, kanisa kwa kanisa, wakipokea fedha za madobi, wapagazi na wapishi, na ndani ya miaka miwili sehemu kubwa ya deni ikawa imelipwa.

Tarehe 14 Aprili 1865, walimu na wanafunzi wengi wakiwa wamekwenda Xenia kushangilia kuanguka kwa mji wa Richmond na kushindwa kwa kusini, mtu au watu waliokusudia ubaya walilitia moto jengo kuu, likateketea. Ni siku ile ile ambayo Lincoln alipigwa risasi Washington. Askofu hakuwapo chuoni; na kabla hajashika tofali la kujenga upya alikuwa na safari nyingine ambayo hakukubali kuiahirisha. Tarehe 9 Mei 1865, miaka 30 kamili, siku kwa siku, tangu alipoondoka Charleston, aliabiri kutoka New York kwenda mji huo huo. Aliukuta magofu. Majumba ya waliotunga ile sheria yalikuwa yamebomolewa na mizinga au yamelala wazi bila paa, na mitaani walikuwa wakitembea askari weusi waliovaa sare ya serikali. Tarehe 15 Mei, katika mji uliolibomoa kanisa la Kiafrika baada ya kumnyonga Vesey, Payne alifungua mkutano wa kanisa la AME wa jimbo la South Carolina; na miongoni mwa waliokuja kumwamkia walikuwamo wanafunzi wake wa mtaa wa Anson, sasa watu wenye mvi.

Aliiongoza Wilberforce kuanzia 1863 hadi 1876. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuomba fedha, kazi isiyo na hadithi tamu, nasi tutaipita upesi: bunge la Marekani lilitoa dola 25,000 mwaka 1870, jaji mkuu Salmon Chase, mmoja wa wadhamini wa mwanzo, alikiachia chuo fungu katika wasia wake, na Payne mwenyewe alivuka bahari mwaka 1867 akakaa Ulaya karibu mwaka mzima, akihutubia mikutano ya kanisa na, nafasi ilipopatikana, akitembelea nyumba za makumbusho za Paris. Chuo kilifundisha elimu ya dini, lugha za kale, sayansi na ualimu. Nidhamu yake ilikuwa kali, kwa kuwa rais wake aliamini kwamba mwanafunzi anayelala baada ya alfajiri anajiibia mwenyewe.

Lipo jambo moja ambalo hatuwezi kumtetea nalo. Watu wake, waliotoka mashambani, walikuwa na ibada yao ya kale: hotuba ikiisha, waumini husimama duara, wakavua makoti, wakaimba kwa kuitikiana, wakipiga makofi na kukanyaga ardhi kwa mwendo mmoja, mpaka usiku uchanike. Sisi wa pwani, tuliokua tukizisikia halka za dhikri kwa jirani, hatuhitaji kuelezwa nguvu ya jambo hilo. Payne aliliita ushenzi. Mwaka 1878, katika mkutano wa ibada uliofanywa porini, alilikuta duara la namna hiyo, akamwendea mchungaji wao akamwamuru awakomeshe. Mwishowe wakalivunja duara, lakini hawakukubali kuketi; wakaondoka, nyuso zimenuna. Baadaye kiongozi wa waimbaji alipoulizwa alimjibu kwa upole kwamba Roho wa Mungu humwendea kila mtu kwa njia yake, na kwamba pasipo duara wenye dhambi hawaongoki. Askofu aliyaandika majibu hayo ili asomaye aucheke ujinga wa kiongozi yule. Mimi nikiyasoma naona katika mjadala huo aliyekuwa na hoja hakuwa askofu.

Tena kuna kejeli ya historia ambayo ni vigumu kuinyamazia. Wakati Payne anahangaika kutafuta fedha za kuijenga Wilberforce upya, huko Nashville chuo kingine cha weusi kilichokuwa karibu kufilisika, Fisk, kilituma mwaka 1871 kikundi cha wanafunzi kuziimba nyimbo hizo hizo za utumwani mbele ya hadhara za Wazungu. Walifika Uingereza, wakamwimbia Malkia Victoria, na kwa mapato yao wakajenga jengo ambalo lingali limesimama. Nyimbo alizozifukuza Payne kanisani zilikuwa na uwezo wa kusimamisha chuo.

Alikuwa mtu wa kujihesabu heshima mpaka ukomo. Mwaka 1882, akiwa na umri wa miaka 71, katika gari la moshi huko Florida, aliamriwa ahamie behewa la weusi. Alikataa, akisema hatauvunja utu wake kwa kuingia humo. Gari likasimamishwa, akateremshwa njiani. Mzee yule akauchukua mzigo wake akarudi Jacksonville kwa miguu, juu ya mchanga. Mwaka mmoja kabla ya hapo, London, alikuwa ameketi kwenye kiti cha uenyekiti katika mkutano wa Wamethodisti wa dunia nzima, Wazungu wakiomba ruhusa yake kusema.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya kalamu: kitabu juu ya malezi ya nyumbani mwaka 1885, kumbukumbu za maisha yake mwaka 1888, na historia ya kanisa la AME mwaka 1891, kazi aliyokabidhiwa tangu 1848 na ambayo kwa ajili yake alizunguka majimbo akikusanya makaratasi yaliyoliwa na mchwa na kumbukumbu za wazee waliokaribia kaburi. Mwaka huo huo wa 1891 seminari ya dini ilianzishwa Wilberforce na kuitwa kwa jina lake. Alifariki Novemba 1893.

Chuo kikabaki, na mlango wake ukawa mpana kuliko alivyoukadiria. Mwaka uliofuata alikuja kufundisha kijana aitwaye W. E. B. Du Bois, ambaye baadaye aliandika kwa heshima kuu juu ya zile nyimbo za huzuni. Kutoka Afrika Kusini alikuja Charlotte Maxeke, mwimbaji aliyefika Marekani na kwaya, akapata shahada yake mwaka 1901, akarudi kwao kuwaongoza wanawake waliopinga sheria za pasi. Na katika miaka ya 1920 alikuja kijana wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliyekuwa amefanya kazi katika migodi ya Johannesburg, Hastings Kamuzu Banda, akaletwa kwa msaada wa kanisa la AME kusoma sekondari hapo Wilberforce. Akamaliza mwaka 1928, akaendelea Indiana, Chicago, na chuo cha utabibu cha Meharry. Alipokuwa Rais wa Malawi, mtawala mwenye mkono mzito, alijenga mwaka 1981 wilayani Kasungu shule iitwayo Kamuzu Academy, ambako watoto wa vijijini walilazimishwa Kilatini na Kiyunani, na ambako, kwa amri yake, hakuna Mmalawi aliyeruhusiwa kufundisha.